Hisabu ya Watu Wajao

Tarehe 31 Oktoba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza mjini Dodoma kwamba Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka ule imehesabu watu 61,741,120 katika Jamhuri ya Muungano, wako waliofurahi na wako walioshtuka, kila mmoja kwa kadiri ya mwelekeo wake. Lakini ni wachache mno waliokumbuka kwamba idadi ile, kwa tofauti isiyofika watu milioni moja, ilikuwa imekwisha kuandikwa miaka minne nyuma na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambayo, kwa kuanzia watu 44,928,923 wa sensa ya 2012, ilikuwa imekadiria mwaka baada ya mwaka hatua za ukuaji wa taifa mpaka kufikia 2035. Kukadiria mambo ya muongo mzima na kukosea kwa chini ya watu wawili katika kila mia ni kazi ya kusifiwa, na mimi naisifu bila choyo. Walakini miaka niliyoitumia kusoma majedwali ya namna hii imenifundisha kuihofu jumla inayotimia sawasawa, kwa sababu jumla aghalabu hutimia kwa makosa ya huku kuyafidia makosa ya huko, na hakuna zahanati hata moja iliyopata kujengwa kwa ajili ya watu milioni 61. Zahanati hujengwa katika kata, kwa ajili ya wajawazito na watoto wachanga wa kata ile, na dola ipangapo mambo yake hupanga kwa sehemu.

Tazama sehemu hizo zilivyosema. Mkoa wa Dar es Salaam, uliokuwa umekua kwa asilimia 5.6 kila mwaka baina ya 2002 na 2012, ulipunguza mwendo ukakua kwa asilimia 2.1 tu katika muongo uliofuata, ukafikia watu 5,383,728; na hali wakadiriaji wa Umoja wa Mataifa, katika taarifa yao ya mwaka 2018 juu ya miji ya dunia, walikuwa wamekwisha lihesabia jiji hilo watu milioni 6 hivi kwa mwaka ule ule, na wakaliweka miongoni mwa majiji yatakayovuka milioni 10 ifikapo 2030. Mkoa wa Katavi, ambao magazeti huukumbuka mara chache, ulikuwa na watu 564,604 mwaka 2012, na miaka kumi baadaye ulikutwa na watu 1,152,958, yaani zaidi ya mara mbili. Kilimanjaro ulikua kwa asilimia 1.3 peke yake. Nchi ni moja na sheria zake ni moja, lakini ndani yake mna mikoa inayokimbia na mikoa inayotembea, na mpangaji anayeugawa wastani wa taifa sawa kwa sawa huwadhulumu wote wawili, wa kwanza kwa kumpunguzia na wa pili kwa kumzidishia asichohitaji.

Habari ya Dar es Salaam inastahili kuchunguzwa zaidi, maana mtu aisomaye juujuu hudhani kwamba jiji limechoka kukua. Halikuchoka, lilivuka mpaka. Katika muda ule ule mkoa jirani wa Pwani uliongezeka kutoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947, na yeyote apitaye alfajiri katika barabara ya Morogoro au ile ya Kilwa huwaona waliosababisha ongezeko hilo: watu walionunua viwanja Kibaha, Bagamoyo na Mkuranga, wakajenga huko kidogo kidogo, wanaolala Pwani na kuchuma riziki Kariakoo. Mpaka wa mkoa ni mstari wa kiutawala, na binadamu atafutaye kiwanja cha bei nafuu hauoni. Mamlaka ya maji ya jiji, ambayo mabomba yake yanaanzia mto Ruvu na kuhudumia Kibaha na Bagamoyo pamoja na Dar es Salaam, ina ramani iliyo karibu zaidi na ukweli kuliko ramani ya mikoa. Na laiti wapangaji wa barabara, shule na hospitali wangeiazima ramani hiyo, wangeepuka kosa la kujenga kwa wingi mahali watu walipokuwa na kuchelewa kujenga mahali watu walipohamia.

Inafaa sasa kueleza makadirio haya hufanywaje, maana wako wanaoyadhania kuwa jamaa ya ramli, na wako wanaoyaamini kama yameteremshwa. Asili yake ni hisabu ambayo mwenye duka huifanya kila mwisho wa mwaka: mali iliyokuwapo, jumlisha iliyoingia, toa iliyotoka. Watu waliopo leo huongezwa waliozaliwa na waliohamia, hupunguzwa waliokufa na waliohama. Ugumu na uzuri wa kazi huanza pale watu wanapogawanywa kwa jinsia na kwa makundi ya umri ya miaka mitano mitano, kisha kila kundi likasogezwa mbele kwa kuwapunguza wale ambao, kwa kadiri ya vifo vya umri ule, hawatafika kundi linalofuata. Wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wakazidishwa kwa kiwango cha uzazi cha kila umri ili kupata watoto. Watoto wakagawanywa kwa wavulana na wasichana, nao wakapunguziwa sehemu yao ya mauti. Mwisho wakaingizwa wahamiaji. Mwanauchumi Mwingereza Edwin Cannan aliitumia hisabu ya namna hii kwa Uingereza mwaka 1895, na ijapokuwa imerekebishwa mara nyingi tangu wakati ule, misingi yake imebaki ile ile, kwa kuwa kila mtu huzeeka mwaka mmoja kwa mwaka, na amri hiyo haina upendeleo kwa tajiri wala kwa maskini.

Humo ndimo ilimo tofauti kubwa ambayo msomaji wa majedwali hana budi kuishika. Watu watakaokuwa na umri wa miaka 30 katika mwaka 2040 wamekwisha zaliwa. Tunawajua, tumewahesabu, na kilichobaki ni kuwatoa watakaokufa, ambao katika umri huo ni wachache, na kuwakadiria watakaohama. Watu watakaokuwa na miaka 5 katika mwaka huo hawajazaliwa, na baadhi ya mama zao wangali darasani. Kwa hiyo katika jedwali moja, katika safu moja ya tarakimu zilizopigwa chapa kwa wino mmoja, mna hesabu iliyo karibu na yakini na mna hesabu iliyosimama juu ya dhana tupu, wala hakuna alama inayozitenga. Mtaalamu huziona, waziri ambaye jedwali huwekwa mezani pake saa moja kabla ya kikao hazioni.

Katika nchi zetu taabu ilizidi kwa sababu hata watu waliopo hawakujulikana sawasawa. Kabla ya mwaka 1948, ambapo Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilihesabiwa zote kwa utaratibu wa kisensa, hisabu ya Waafrika aghalabu ilitolewa katika daftari za kodi, na kila ajuaye jinsi binadamu anavyoyatazama madaftari ya kodi ataelewa thamani ya hisabu hiyo. Vizazi na vifo havikuandikwa isipokuwa vya wachache. Basi kijana mmoja kutoka Scotland, William Brass, aliyejiunga na Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki mwaka ule ule wa 1948, alijikuta mbele ya nchi ambazo mtu hawezi kujua ni watoto wangapi hufa kwa kufungua kitabu cha msajili, kwa sababu kitabu hakipo. Njia aliyoitafuta kwa miaka mingi, na kuichapisha katika miaka ya 1960, ilikuwa ya kumwuliza mama mwenyewe maswali mawili: umezaa watoto wangapi, na wangapi kati yao wako hai? Majibu ya mama mmoja ni msiba wa mama mmoja. Lakini majibu ya mama elfu kumi, yakipangwa kwa umri wao, hutoa habari ya taifa zima, maana watoto wa mama wa miaka 20 hadi 24 hawana umri mkubwa, na sehemu ya waliokufa miongoni mwao hukaribia sana uwezekano wa mtoto kufa kabla ya kutimiza miaka miwili, ilhali wale wa mama wa miaka 30 hadi 34 hueleza uwezekano wa kufa kabla ya miaka mitano. Maswali hayo mawili yangali yakiulizwa katika sensa zetu, na dunia nzima isiyokuwa na usajili kamili huyatumia. Sioni kwa nini vitabu vyetu vya shule, ambavyo huwataja wavumbuzi wa mashine za kusokota pamba, visitaje uvumbuzi uliozaliwa hapa kwa ajili ya haja zetu wenyewe.

Umri nao una mitihani yake. Mtu asiye na cheti cha kuzaliwa hupenda kuwa na miaka inayoishia na sifuri au tano, hata katika grafu ya umri wa taifa husimama minara kwenye 30, 40, 50 na 60, na mabonde baina yao, mithili ambayo maumbile hayana. Makarani wa sensa hupewa orodha ya matukio, ya taifa na ya wilaya, wamsaidie mzee kukumbuka: ulizaliwa kabla ya Uhuru au baada yake, wakati wa Mapinduzi ulikuwa unakwenda chuoni, Vita ya Kagera ilikukuta umekwisha oa? Minara hiyo wataalamu huilainisha kwa hisabu, na kwa kazi nyingi hakuna madhara. Lakini iko siku umri hugeuka kuwa haki. Zanzibar ilipoanzisha, Aprili 2016, pensheni ya kila mwezi kwa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, awe alifanya kazi serikalini au alilima karafuu maisha yake yote, jambo ambalo kwangu ni miongoni mwa mambo mema kabisa yaliyofanywa na serikali yoyote ya Afrika Mashariki katika zama hizi, umri wa 70 ulipata uzito ambao haukuwa nao kabla. Mkadiriaji wa gharama za pensheni hiyo hawezi tena kuutazama mnara wa 70 kwa jicho alilouangalilia zamani. Ni lazima ajiulize ni sehemu gani yake inatokana na wazee, na ni sehemu gani inatokana na pensheni yenyewe.

Jambo hilo halikomei kwa wazee. Tarakimu ikishafungamana na fedha au na kiti cha bunge, anayehesabiwa hupata sababu ya kuongeza. Kenya iliyapitia hayo baada ya sensa yake ya 2009, serikali ilipoyakataa matokeo ya wilaya nane, nyingi zikiwa za kaskazini mashariki, kwa kuwa watu walioandikwa walizidi idadi ambayo vizazi na vifo vya huko vingeweza kuleta; na kanuni ya kwanza ya kugawa mapato kwa kaunti, iliyokuja baada ya katiba mpya, iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45. Sisemi kwamba watu wa huko walikuwa waongo kuliko wa kwingine. Nasema kwamba makadirio yote ya baadaye huanzia kwenye msingi wa sensa, na msingi ukipinda, hesabu iliyofanywa kwa ustadi hupinda pamoja nao.

Kenya hiyo hiyo imetoa somo jingine, kubwa zaidi, juu ya dhana ya uzazi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikadiriwa kuzaa watoto karibu 8 katika maisha yake, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani; kufikia utafiti wa demografia na afya wa 1989 walikuwa 6.7, na kufikia 1998 walikuwa 4.7. Mteremko mkali namna hiyo ulimfanya kila mtazamaji auendeleze kwa mawazo mpaka chini, na Umoja wa Mataifa, katika makadirio yake ya mwaka 2002, ukichanganya mteremko huo na vifo vya ukimwi, uliiandikia Kenya watu milioni 44 katika mwaka 2050. Kisha ukaja utafiti wa 2003, nao ukakuta watoto 4.9. Mteremko ulikuwa umesimama. Wachunguzi wametaja sababu kadhaa, miongoni mwao kupungua kwa fedha na vifaa vya uzazi wa mpango wakati ambapo hazina na wafadhili walielekeza nguvu zao kwenye ukimwi; na Umoja wa Mataifa, ulipotoa makadirio mengine mwaka 2004, uliiandikia nchi ile ile, kwa mwaka ule ule wa 2050, watu milioni 83. Muda wa miaka miwili, na tofauti ya watu milioni 39! Hakuna aliyehama, hakuna vita wala tauni. Kilichobadilika zaidi ni dhana juu ya mwendo wa uzazi. Na sensa ya Kenya ya 2019 ilikuta watu 47,564,296, ikiwa imekwisha ivuka ile milioni 44 miaka 31 kabla ya wakati wake.

Wako watakaosema kwamba kisa hiki chathibitisha ubatili wa makadirio. Mimi nakiona kinyume chake. Yale makadirio ya 2002 yalisema: ikiwa uzazi utaendelea kushuka, basi watu watakuwa kadha wa kadha. Sharti halikutimia, na jibu likafuata sharti. Kosa lilikuwa la wale waliolisoma jibu wakaliacha sharti, wakaamini kwamba tatizo limekwisha jitatua, hali fedha za shughuli iliyokuwa ikilifanya sharti litimie zilikuwa zimekwisha pungua. Na kwa insafu yafaa kuongeza kwamba baadaye Kenya iliendelea kushuka, ikafika 3.9 katika utafiti wa 2014 na 3.4 katika ule wa 2022, kwa hiyo yule ambaye mwaka 2004 aliapa kwamba mteremko umekwisha naye alihukumu mapema.

Kwa upande wa Tanzania kosa linalotajwa sana ni jepesi zaidi, nalo ni la kuchukua kiwango cha ukuaji na kukivuta kama uzi. Kwa kuwa muongo wa 2012 hadi 2022 ulikuwa na ukuaji wa asilimia 3.2 kwa mwaka, ilisemwa na kurudiwa kwamba idadi itaongezeka maradufu kwa miaka 22 hivi na taifa kuwa na watu milioni 123 mwaka 2044. Hesabu ya kuzidisha ni sahihi. Lakini mtu aliyefanya hivyo hivyo mwaka 2012, akikivuta kiwango cha asilimia 2.7 cha muongo uliotangulia, angepata kwa mwaka 2022 watu kiasi cha milioni 59, na angewaacha nje karibu milioni tatu, ambao ni sawa na watu wote wa Katavi na Kilimanjaro kwa pamoja wakati huo, tukiwaondolea wachache. Kiwango cha ukuaji ni matokeo. Sababu zake ziko ndani, katika umri na uzazi na mauti, na asiyezitazama hana njia ya kujua kama kesho kitapanda au kitashuka.

Na zikitazamwa hutoa jambo la ajabu: mwendo uliongezeka huku uzazi ukipungua. Mwanamke wa Tanzania alizaa watoto 6.2 kwa mujibu wa utafiti wa 1991 na 1992, akafika 5.2 katika ule wa 2015 na 2016, na 4.8 katika ule wa 2022. Imekuwaje basi nchi ikue kwa kasi zaidi? Kwanza, wasichana waliozaliwa wakati wa uzazi mkubwa wamekwisha kuwa mama, na mama wengi wakizaa watoto wachache kila mmoja bado huzaa watoto wengi kwa jumla. Nguvu hii iliyofichika katika umri hudumu kwa miongo hata baada ya uzazi kushuka, na hakuna sera inayoweza kuitangua kwa sababu mama hao wako hai miongoni mwetu. Pili, watoto wamepona: katika utafiti wa 2004 na 2005 watoto 112 kati ya kila 1,000 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano, na katika ule wa 2022 walikuwa 43, neema ambayo hakuna mwenye akili atakayeijutia kwa sababu ya jedwali. Tatu, na hili husemwa kwa sauti ya chini, yawezekana kwamba sensa ya 2022, iliyofanywa kwa vishikwambi na baada ya zoezi la anwani za makazi, iliwafikia watu ambao ile ya 2012 haikuwafikia, kwa hiyo sehemu ya kile tunachokiita ukuaji wa watu huenda ikawa ni ukuaji wa uhodari wa kuhesabu. Tafsiri hizi tatu huleta kesho tatu mbalimbali, na jumla ya 61,741,120 peke yake haituambii tushike ipi.

Uhamaji niliuacha nyuma, nao ndio mgumu kuliko yote, kwa kuwa kuzaa na kufa hufuata maumbile kwa kiasi fulani, lakini kuhama hufuata bei ya kiwanja, mvua, mgodi mpya, ng'ombe wanaotafuta malisho, na wakati mwingine sahihi ya mtu mmoja. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ulipitishwa mwaka 1973. Miongo minne ikapita serikali ikiendelea kukaa Dar es Salaam. Kisha mwaka 2016 Rais Magufuli akaamuru serikali ihame, na ikahama. Aliyekadiria watu wa Dodoma katika miaka ya 1970 alikuwa na haki ya kuamini kwamba mji utafurika upesi, na aliyekadiria mwaka 2012 alikuwa na haki ya kutoamini kabisa. Wote wawili walikuwa wataalamu, na wote wawili waliumbuliwa na jambo ambalo halimo katika elimu ya takwimu. Mkoa ule ulitoka watu 2,083,588 mwaka 2012 ukafika 3,085,625 mwaka 2022. Kwa sababu hiyo mimi sipendi makadirio ya wilaya yanayokwenda mbali kupita miaka kumi, na ya kata sipendi yapite mitano, hata yakiwa yameandikwa na rafiki zangu.

Ofisa wa mipango akiletewa jedwali angefanya vema aiache kwanza tarakimu aulize dhana: uzazi umedhaniwa kushuka kwa mwendo gani, na ni nini kitakachoushusha, vifo vimechukuliwa wapi, wahamiaji wamehesabiwa au wamesahauliwa, mpaka wa eneo ni wa lini. Kisha adai apewe makadirio ya juu na ya chini pamoja na yale ya kati. Umoja wa Mataifa kwa zaidi ya miaka kumi sasa hutoa makadirio yenye mipaka ya uwezekano, yaani husema kwamba idadi yaelekea kuwa baina ya hiki na kile, lakini nimeona mara nyingi mipaka hiyo ikikatwa njiani kabla ya kufika kwenye bajeti, kwa hoja kwamba Hazina haiwezi kutenga fedha kwa ajili ya baina. Hoja hiyo ni dhaifu. Mhandisi wa daraja hutenga saruji kwa ajili ya mafuriko ambayo hana hakika nayo, na hakuna anayemwambia achague mvua moja.

Walakini shule zina hali ya peke yake, kwa kuwa hapo mashaka ni madogo na visingizio ni vichache. Mtoto atakayeingia darasa la kwanza baada ya miaka mitano yuko mgongoni kwa mama yake leo. Hata hivyo ada za shule za msingi zilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi kuanza mwaka 2002, na tena ada zilipoondolewa mpaka kidato cha nne mwaka 2016, wanafunzi walimiminika kwa wingi ulioonekana kama gharika, hata katika mwaka huo wa pili nchi nzima ikaingia katika kampeni ya kuchangia madawati. Watoto hao hawakutoka mbinguni. Walikuwamo katika majedwali ya sensa na ya makadirio yake, kila mmoja na umri wake. Hawakuwamo katika madaftari ya shule tu, kwa sababu wazazi wao hawakuwa na ada, na wizara ilikuwa imezoea kupanga mwaka ujao kwa kuwatazama walioandikishwa mwaka uliopita. Aliyepanga kwa daftari alipanga kwa ajili ya waliomudu.

Sasa liko wimbi jingine njiani, na hili limesababishwa na sera yenyewe. Mitaala mipya iliyoanza Januari 2024 imeifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita badala ya saba, kwa hiyo waliokuwa darasa la tatu mwaka ule watamaliza darasa la sita mwishoni mwa 2027, wakati ule ule ambapo waliokuwa darasa la nne watamaliza la saba chini ya utaratibu wa zamani, na marika mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028. Serikali inalijua na imelitangaza. Watoto wenyewe walihesabiwa Agosti 2022 wakiwa na umri wa kati ya miaka 6 na 9, kata kwa kata, na hapahitajiki dhana yoyote ya uzazi ili kuwajua. Rika lile pacha litapita kidato kwa kidato mpaka cha nne mwaka 2031, na vyumba vitakavyojengwa kwa ajili yake vitabaki. Katika mikoa inayokua upesi vitajazwa na ongezeko la kawaida kabla rangi haijafifia, lakini katika wilaya ambazo vijana huhama ingekuwa busara kukodi, kugawa zamu au kujenga cha muda kuliko kusimamisha majengo ya kudumu kwa ajili ya wimbi moja. Walimu ndio mashaka makubwa zaidi, kwa kuwa chumba cha darasa hujengwa kwa miezi, ilhali shahada ya ualimu huchukua miaka mitatu, na mwalimu wa shahada atakayesimama mbele ya rika hilo siku ya kwanza, asipokuwa miongoni mwa wale waliokwisha hitimu na wanaosubiri ajira mtaani, hakuwa na budi kuwa ameingia chuo kikuu mwishoni mwa mwaka 2024.